Umekamatwa na magunia ya korosho: Jamhuri inatakiwa kuthibitisha nini?

Mtu akikutwa Tandahimba na magunia mawili ya korosho ambayo jirani anadai ni yake, kijiji humaliza kesi kabla gari la polisi halijaondoka. Mahakamani mambo huenda tofauti. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji hadi hatia yake ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, mwanzo hadi mwisho. Mshtakiwa hadaiwi uthibitisho kwamba hakuiba. Akiibua shaka ya msingi, inatosha.

Kwenye kesi za kukutwa na mali iliyoibwa karibuni, Mahakama ya Rufani hutazama mambo manne: mali ikutwe kwa mshtakiwa, mlalamikaji athibitishe ni yake, iwe imeibwa muda si mrefu, na iwe ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa korosho ghafi, la pili ndilo gumu. Nani ataitambua korosho yake kati ya za wenzake? Ubishi unahamia kwenye gunia lenyewe: jina lililoandikwa kwa maki peni, kiraka, mdomo ulioshonwa kwa kamba ya rangi fulani. Alama hiyo mlalamikaji aitaje kabla hajaoneshwa gunia. Akiitaja baada ya kuliona mezani, hajatambua kitu, amesoma tu. Kwa hiyo muulize: "Alama hii uliitaja polisi siku ya kwanza?" Akisema ndiyo, omba maelezo aliyoandikisha yaletwe. Nawe toa maelezo yako ya ulikopata magunia hayo, na kama una stakabadhi ya chama cha msingi au shahidi wa mauziano, mlete. Si lazima maelezo yako yathibitishwe. Yakiwezekana kuwa kweli, shaka imezaliwa.

Kama tukio lilikuwa la usiku, hukumu ya 1980 katika kesi ya mshtakiwa aliyeitwa Waziri Amani ndiyo kipimo hadi leo: shahidi alikuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga gani, na je, alikufahamu kabla? "Kulikuwa na tochi" si jibu. Tochi ilishikwa na nani, ikammulika nani? Mara nyingi inakuwa mkononi mwa mwizi, na anayemulikwa ni shahidi.

Sasa lile linalowaangusha wengi wasio na wakili. Shahidi akimaliza, hakimu anauliza kama una swali, nawe unajibu "sina", ukingoja zamu yako ya kujitetea. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kutomhoji shahidi kwenye jambo la msingi huchukuliwa kama umelikubali. Ukija kulikanusha kwenye utetezi, litaonekana limetungwa baadaye. Shahidi anapozungumza, andika kila usichokikubali, kisha muulize hicho hicho, hata kwa swali moja.

Utetezi kwamba hukuwepo eneo la tukio nao utolewe taarifa mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa; ukichelewa, hakimu anaweza asiupe uzito. Ukikutwa na kesi ya kujibu, yaani hakimu ameona ushahidi wa Jamhuri unatosha kukutaka ujitetee, kukaa kimya ni haki yako, ila sheria inamruhusu hakimu kutafsiri ukimya huo vibaya.

Kwa mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna. Mtu anahesabiwa hana hatia huku analala mahabusu, na kwa maoni yetu hapo ndipo dhana hii inapochechemea.

Ukitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya, soma hukumu ukitafuta sehemu ambapo hakimu ameziba mapengo ya Jamhuri kwa udhaifu wa utetezi wako. Tangu kesi ya Christian Kale ya 1992 imeelezwa wazi kwamba mtu hafungwi kwa sababu amejitetea vibaya. Hiyo ni sababu ya rufaa Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi. Aliyeko gerezani humkabidhi mkuu wa gereza hati zake za rufaa.