Barua za Wasomaji: Digrii ya Saikolojia Humfikisha Mtu Wapi?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kuhusu saikolojia: nani aisome, ina ugumu gani na inalipa vipi. Tumechagua tano, kutoka Ahero hadi Molo, na kuzijibu kwa urefu unaostahili kila moja.

Binti yangu alipata B- kwenye KCSE na anataka kusomea saikolojia. Mjomba wake anasema hiyo ni kozi ya kukaa na wagonjwa wa akili na haina kazi. Akimaliza miaka minne, ataruhusiwa kufungua ofisi yake Kisumu na kuitwa mwanasaikolojia?
*Mama, Ahero*

Mama, tuanze na swali lako la mwisho, kwa kuwa wengi hulipata jibu lake wakiwa tayari wamevaa joho. Kwa digrii ya kwanza peke yake, la. Kenya ina Sheria ya Wanasihi (yaani washauri nasaha) na Wanasaikolojia, Nambari 14 ya 2014, na chini yake kuna bodi ya kuwasajili. Mtu hatundiki kibao mlangoni na kuanza kupokea watu kabla hajasajiliwa. Na kama binti anataka saikolojia ya kliniki, yaani kupima na kutibu watu wenye msongo mkubwa, kiwewe au sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), njia ya kawaida ni kuongeza shahada ya uzamili yenye saa za mazoezi chini ya msimamizi. Uzamili huandikwa miaka miwili, ila tasnifu huwachelewesha wengi hadi mwaka wa tatu. Kwa hiyo hesabuni miaka sita au saba, si minne, na mpange karo hivyo tangu sasa.

Mjomba naye ana sehemu ya ukweli. Anayemaliza miaka minne bila kuongeza chochote huhangaika. Lakini kozi yenyewe si ya wagonjwa tu. Binti atasoma jinsi mtoto anavyokua na kujifunza, jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, mienendo ya watu katika makundi, upimaji wa uwezo na tabia, takwimu, na mbinu za utafiti. Magonjwa ya akili ni sehemu moja tu ya hayo.

B- inavuka kizingiti cha C+ cha kuingia chuo kikuu, lakini KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo, hawazigawi kwa gredi ya jumla pekee. Wanatazama pointi za kundi la masomo manne. Ingieni kwenye tovuti yao mlinganishe pointi zake na za mtu wa mwisho aliyepata kozi hiyo mwaka uliotangulia. Kisha msome jina la digrii neno kwa neno. Saikolojia, saikolojia ya unasihi na saikolojia ya elimu ni kozi tatu tofauti, hata zikiwa katika chuo kimoja. Ya unasihi humpa mwanafunzi stadi za kusikiliza na kuongoza mazungumzo mapema, lakini ni nyembamba. Ya jumla inamwachia milango ya utafiti na ya ofisi za wafanyakazi. Kwa binti ambaye bado hajajua anataka nini hasa, sisi tungemshauri achukue ya jumla. Wala msichague vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro au Egerton kwa sababu ya nauli. Ulizeni idara mambo mawili: je, mafunzo ya nyanjani ni ya lazima na yana alama? Na takwimu zinafundishwa kwa mihula mingapi? Chuo kinachojibu "muhula mmoja" kitamwacha na pengo akifika mwaka wa nne.

Nina A- na ninataka kutibu wagonjwa wa akili. Nichague saikolojia au udaktari?
*Kijana, Molo*

Ukitaka kuandika dawa, ni udaktari. Daktari wa magonjwa ya akili husoma udaktari kwanza, miaka sita, akafanya mwaka wa mafunzo hospitalini, kisha akarudi chuoni kubobea katika magonjwa ya akili. Mwanasaikolojia hatoi dawa; anapima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi yaliyopangwa. Mgonjwa mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, huwahitaji wote wawili. Kwa pointi zako, weka udaktari chaguo la kwanza na saikolojia chaguo linalofuata, ikiwa kweli kazi zote mbili zinakuvuta.

Hesabu zilinitesa tangu kidato cha kwanza na nikapata D+. Naambiwa saikolojia ina hesabu. Ni kweli?
*Msichana, Njoro*

Ni kweli, dada, na tungekudanganya tukikuambia unaweza kuikwepa. Lakini si hesabu za kidato. Hutakutana na vekta wala matriki. Utakutana na takwimu, na sehemu kubwa ya kazi ni kuelewa nambari inasema nini kuhusu watu.

Chukua mfano huu. Wanafunzi watano wamejaza hojaji ya dalili za sonona, wakapata 4, 6, 7, 8 na 15. Jumla ni 40, kwa hiyo wastani ni 8. Sasa tafuta kila mmoja yuko mbali kiasi gani na wastani huo: -4, -2, -1, 0 na 7. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa ziondoke: 16, 4, 1, 0 na 49. Jumla yake ni 70. Gawanya kwa 4, yaani idadi ya watu ukitoa mmoja, upate 17.5. Kipeuo chake cha pili ni takriban 4.2. Huo ndio mchepuko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, na umeufanya kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo kimoja tu.

Sasa angalia kile ambacho mhadhiri atakuuliza. Wastani ni 8, lakini wanafunzi watatu kati ya watano wako chini yake. Yule wa 15 ndiye aliyeuvuta juu. Alama ya katikati ni 7, na inaeleza darasa hilo vizuri zaidi. Ukiandika kwenye ripoti "wastani wa darasa ni 8" ukaishia hapo, umemficha mtoto mmoja anayehitaji msaada wiki hii. Anayeona hilo amekwisha elewa takwimu kuliko yule anayekariri fomula.

Kinachowaangusha wengi ni kuahirisha. Uniti ya takwimu ya mwaka wa pili wanaipita kwa kukariri, halafu mwaka wa nne wana hojaji 120 za mradi na hawajui wafanye jaribio gani, basi wanamlipa mtu wa saiba awachambulie kwa SPSS, programu ya takwimu. Siku ya kutetea mradi wanaulizwa swali moja tu, "Kwa nini ulitumia jaribio hili?", wanabaki kimya. Anza na data ndogo ya watu kumi, ifanye kwa mkono kwanza, kisha uingize kwenye kompyuta uone kama majibu yanalingana.

Niko mwaka wa tatu, na mwezi wa tano tunatakiwa kwenda atachimenti, yaani mafunzo ya nyanjani. Niombe wapi, na nifanye nini ili nisipoteze miezi mitatu?
*Mwanafunzi, Kakamega*

Omba mapema, miezi mitatu au minne kabla. Bahasha iwe na barua ya utambulisho kutoka idarani, barua yako ya maombi, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, nakala ya kitambulisho na cheti cha bima ya mwanafunzi. Bima ndiyo husahaulika zaidi, na hospitali nyingi hazikupokei bila hiyo. Uliza pia kama kuna ada, kwa kuwa baadhi ya hospitali hutoza.

Usipeleke barua hospitali za rufaa peke yake, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu au ya Kaunti ya Nakuru. Kila mwanafunzi wa ukanda huu anagonga milango hiyo. Ofisi za watoto za serikali, huduma ya uangalizi wa wafungwa walioachiliwa kwa masharti, vituo vya kurekebisha waraibu wa pombe, na kliniki za HIV katika hospitali za kaunti ndogo zina kazi nyingi na watu wachache, kwa hiyo utaguswa na kazi yenyewe.

Hatari kubwa ni kukalishwa kwenye rejista hadi siku ya mwisho. Wiki ya kwanza, mwombe msimamizi wako kwa heshima mambo matatu, na uyaandike kwenye kitabu chako cha kumbukumbu: kuketi kimya kwenye mazungumzo angalau mawili kwa wiki mteja akikubali, kutumia hojaji moja ya uchunguzi ukiwa unatazamwa, na saa moja kila wiki ya kujadili ulichokiona.

Hojaji utakayokutana nayo mara nyingi ni PHQ-9, ya kuchunguza dalili za sonona, kwa hiyo ijue kabla hujafika. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama: 0 ni hapana kabisa, 1 ni siku kadhaa, 2 ni zaidi ya nusu ya siku, 3 ni karibu kila siku. Jumla huanzia 0 hadi 27. Tano huashiria dalili nyepesi, 10 za wastani, 15 za wastani hadi kali, na 20 kali. Ni chujio, si hukumu: mtu wa 12 anahitaji mazungumzo zaidi kabla yeyote hajatamka neno sonona.

Wanafunzi hukosea hapa. Wanasoma maswali kwa Kiingereza kwa mama anayezungumza Kiluhya au Kijaluo, wanayatafsiri papo hapo, na kila mmoja anatafsiri kivyake. Omba nakala iliyotafsiriwa na kuhakikiwa. Pili, wanasikia "nina mawazo mengi" wakadhani ni fikra tu, ilhali kwa watu wetu mara nyingi ndivyo huzuni na hofu zinavyotajwa. Muulize: mawazo hayo yanakunyima usingizi? Yanakuondolea hamu ya chakula? Tatu, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi, wanalipita haraka swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujidhuru, kwa aibu au woga. Mtu anaweza kuwa na jumla ya 8, ambayo kwa jedwali ni nyepesi, lakini swali la tisa ameweka 2. Jumla itakudanganya. Ukiona chochote zaidi ya 0 hapo, usimwache peke yake na usimuahidi siri. Mwite msimamizi wako saa hiyo hiyo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Na mji ni mdogo. Utakutana na mteja kwenye matatu ya Mumias. Usimsalimie kwanza, akikusalimu, itikia kama jirani. Usiandike kisa chake kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, hata ukificha jina: kijiji, kazi na idadi ya watoto vinatosha kumtambulisha.

Nilihitimu miaka miwili iliyopita. Rafiki zangu wa kliniki za HIV walipoteza kazi misaada ya Marekani iliposimamishwa. Mimi nitafute wapi?
*Ndugu, Nakuru*

Pole, ndugu. Usimamishaji wa Januari 2025 uliwagusa watu wengi Nyanza na Magharibi, na tusingependa mtu apange maisha yake juu ya kazi za ufadhili pekee.

Kwako Nakuru, mashamba ya maua ya Naivasha yana maelfu ya wafanyakazi, na yanahitaji maofisa wa ustawi na wa kushughulikia malalamiko. Hapo ujuzi wako wa kusikiliza na kuandika ripoti safi una thamani. Ila usiombe nafasi ya rasilimali watu ukidhani saikolojia inatosha. Taaluma hiyo nayo ina sheria yake ya mwaka 2012 na mitihani yake ya kitaaluma, CHRP. Anza sehemu ya kwanza ya mitihani, uiandike kwenye wasifu hata kabla hujamaliza. Taasisi za utafiti, kama KEMRI (ya utafiti wa tiba) pale Kisian, Kisumu, huajiri wakusanyaji data kwa mikataba mifupi. Kwenye wasifu usiandike "najua utafiti". Andika ulihoji watu wangapi, kwa lugha gani, ukachambua kwa programu gani. Nafasi za uangalizi wa wafungwa na za maofisa wa watoto hutangazwa na serikali kwa muda mfupi, kwa hiyo stakabadhi zako, pamoja na cheti cha nidhamu njema kutoka polisi, ziwe tayari kabla ya tangazo.

Kama moyo wako uko kwenye tiba, tafuta uzamili wenye mazoezi, na kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba programu hiyo imeidhinishwa, kisha uiulize bodi ya wanasihi na wanasaikolojia kama inaitambua kwa usajili. Omba majibu yote mawili kwa maandishi.