Mwenzangu kahama, mkataba bado

*Tumepanga wawili Sinza, vyumba viwili, mkataba wa mwaka, kodi tumelipa miezi sita. Baada ya miezi miwili mwenzangu kapata kazi Dodoma. Anataka nimrudishie hela ya miezi minne. Nimlipe?*

Hapana. Hela yake hukuipokea wewe, aliipokea mwenye nyumba, kwa mkataba ambao mwenzako kauacha mwenyewe. Aanzie huko, na asome kwanza mkataba unasemaje kuhusu kuondoka kabla ya muda. Ila ukimwingiza mtu chumbani kwake akakupa kodi ya miezi hiyohiyo, hela hiyo mpe aliyehama. Kula kodi mara mbili kwa chumba kimoja ni dhuluma, hata kama hakuna karatasi inayokukataza. Tafuteni mtu pamoja, na mwenye nyumba aridhie kwa maandishi kabla godoro halijashushwa. Mkimpata wenyewe, hakuna atakayetoa mwezi mzima wa dalali.

*Sisi miezi sita ya pili imefika. Mwenye nyumba ananidai yote, yangu na ya aliyeondoka. Ana haki?*

Kama mlisaini wote mkataba mmoja, na haukusema kila mtu alipe sehemu yake, anayo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu mdai kumbana yeyote kati ya walioahidi pamoja alipe deni lote. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana kila mmoja aliingia akiamini anadaiwa nusu yake tu.

Sheria hiyohiyo inakupa nawe haki ya kumdai mwenzako mchango wake. Basi lipa kwa benki au kwa simu, tunza risiti, na mwandikie ujumbe wenye kiasi na tarehe. Akikaidi, fungua madai Mahakama ya Mwanzo. Kesi huko huendeshwa kwa Kiswahili. Hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, la sivyo mahakama haitaupokea kuwa ushahidi mpaka ulipiwe.

Ukishindwa kabisa, usitoroke usiku. Mwandikie mwenye nyumba mapema. Mahakama ikipima hasara yake huangalia pia kama alijitahidi kuipunguza, kwa mfano kwa kutafuta mpangaji mwingine.

*Mkataba una jina la rafiki yangu peke yake. Kahama, na kodi imelipwa hadi Desemba. Mwenye nyumba anataka nitoke wiki hii.*

Nakuonea huruma, dada yangu, kwa sababu hapa huna mguu imara: haki ya kukaa ni ya mwenye jina. Lakini kodi imelipwa, na rafiki yako hajaurudisha mkataba. Mwombe aandike barua leo kwamba unakaa kwa ridhaa yake mpaka Desemba, kisha mfuate mwenye nyumba mzungumzie mkataba wa jina lako. Akitishia kubadilisha kitasa, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hajafanya hivyo.

*Bili ya maji ya miezi aliyokuwepo?*

Gawaneni. Luku ya umeme kila mtu kaitumia akiwa ndani, hiyo isahauni. Ila kodi ya jengo inayokatwa kwenye Luku tangu 2021 ni ya mwenye nyumba. Mwombeni awafidie wote wawili.

*Kaacha kitanda na friji. Naweza kuuza nifidie kodi?*

Usiuze. Si mali yako, hata kama anakudai wewe au wewe unamdai. Mpe tarehe ya kuvichukua, kwa maandishi, na shahidi awepo siku atakapokuja.