Jino Lililoacha Kuuma

Asubuhi za mwezi wa Juni hapa Mafinga maji ya bomba huwa ya baridi kiasi cha kutia vidole ganzi, na ni katika kusukutua kwa maji hayo ndipo nilipohisi kwa mara ya kwanza mchomo mkali kwenye gego la chini, upande wa kushoto. Mchomo huo ulidumu kwa sekunde chache tu, nami nikajiambia kwamba ni baridi ya Mufindi, nikaanza kupasha maji ya kupigia mswaki na kutafunia upande wa kulia. Miezi minne baadaye maumivu yalianza kuja usiku, pasipo baridi wala chakula, yakipanda hadi sikioni, na kila wiki nilikuwa dukani kutafuta vidonge vya kutuliza maumivu. Kisha yakakoma ghafla. Nilimshukuru Mungu, nikaendelea na kazi yangu ya kufundisha nikiamini kwamba nimepona.

Sikuwa nimepona; jino lilikuwa limekufa. Ndani ya kila jino mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na uozo unapokifikia kiini hicho, huvimba na kuuma sana kwa sababu kimezungukwa na kuta ngumu zisizotanuka. Kikifa, mishipa ya fahamu hufa pamoja nacho na maumivu hutulia, lakini bakteria huendelea kushuka kupitia mizizi mpaka kwenye mfupa wa taya. Kwangu mimi walifika huko kimyakimya, hadi nilipoamka siku moja shavu limevimba na nikashindwa kufumbua kinywa vizuri. Daktari wa meno aliyenihudumia Iringa mjini alinionyesha kwenye picha ya eksirei kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mahali ambapo mfupa ulikuwa umeliwa, akaniambia kwa upole kwamba siku zile za maji ya baridi jino lingeweza kuzibwa tu. Sasa jino lenyewe lilikuwa limebomoka mno, likang'olewa.

Kwa hiyo ninamwomba kila anayesoma hapa asiyafanye maumivu kuwa kipimo. Jino likishtuka kwa baridi au kwa kitu kitamu, nenda likaguliwe wiki hiyo hiyo. Ukiona uvimbe unashuka kuelekea shingoni, au kumeza na kupumua kunakuwa kugumu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane, kwa kuwa maambukizi ya namna hiyo huua.

Nilipojiuliza jino langu lilitobokaje, jibu lilikuwa kwenye chupa ya chai. Huku kwetu kwenye baridi tunakunywa chai tangu alfajiri hadi jioni, kikombe baada ya kikombe, na yangu ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, na kwa takribani nusu saa baada ya kila funda asidi hiyo huyeyusha madini ya tabaka la juu la jino, kabla ya mate kuanza kuyarudisha. Anayekunywa kikombe kimoja pamoja na chakula huyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake, lakini anayeonja kidogo kidogo mchana kutwa hayapi nafasi hiyo kamwe. Sikuacha chai. Ninakunywa yenye sukari wakati wa mlo tu, na nyingine zote ninazinywa bila sukari. Ulimi ulizoea baada ya mwezi hivi.

Kuhusu mswaki nitasema machache. Piga mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala, kwa sababu mate hupungua usingizini. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino, na ukimaliza tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Mkaa, majivu na mchanga hukwangua jino, na tabaka la juu likishalika halioti tena.

Fizi nazo nilizikosea. Zilipokuwa zikitoa damu nilikuwa ninaziepuka kwa mswaki nikidhani ninaziumiza, kumbe zilitoa damu kwa sababu ya ukoga, ule utando laini wa bakteria, niliouacha hapo hapo. Ukoga usipoondolewa hukomaa ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, ambao hakuna mswaki unaoweza kuuondoa. Lazima ukwanguliwe na mtaalamu. Baada ya kukwanguliwa nilianza kupitisha mswaki laini taratibu kwenye mpaka wa fizi na jino, na baada ya wiki mbili hivi damu ilikata. Zingeachwa hivyo kwa miaka, mfupa unaoshikilia meno ungeanza kupungua, na mfupa huo ukishapungua haurudi kwa kupiga mswaki. Mwenye kisukari, mvutaji sigara na mama mjamzito wazingatie zaidi, kwa kuwa fizi zao hushambuliwa kwa urahisi.

Gego nililolipoteza lilikuwa gego la kwanza la kudumu, lile linaloota mtoto akikaribia miaka sita. Huota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, na kwa hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto. Binti yangu alipofika umri huo nilianza kumkagua kila Jumapili kwa tochi ya simu, na lilipochomoza nilimfundisha kuingiza mswaki kutoka pembeni ya mdomo, kwa sababu gego hilo likiwa bado fupi kuliko jirani zake, mswaki unaopita moja kwa moja hauligusi.