Baiskeli ya mlimani Gloucester: uanzie wapi?

Kaka, umeuliza njia zipi zinaruhusu baiskeli ya mlimani huko Gloucester, Uingereza, maana umeshafokewa na mzee mwenye mbwa. Kama mshale kwenye nguzo ya kuonyesha njia ulikuwa wa njano, mzee hakukosea: hiyo ni ya waenda kwa miguu tu. Wa buluu ni njia ya farasi, na baiskeli zinaruhusiwa humo kwa sheria ya 1968, ila wewe ndiye unayewapisha waenda kwa miguu na wenye farasi. Farasi usimpite kimyakimya kwa nyuma. Salimia kwa sauti mapema, maana akishtuka anapiga teke.

Kwa kuanza nenda msitu wa Forest of Dean, pale kwenye kituo cha baiskeli cha Cannop. Njia ya Verderers ni ya kiwango cha buluu (buluu hii ni ya ugumu, usiichanganye na ile ya mshale), kama kilomita 11, inazunguka na kukurudisha ulipoanzia. Njia ya Freeminers, ya kiwango chekundu, yaani ngumu zaidi, iache kwanza. Wakati wa baridi matope yanajaa mpaka kwenye breki, basi punguza upepo kidogo kwenye matairi. Na nguruwe mwitu wapo kweli. Ukiona mwenye watoto, geuza.