Bendi Niliyokuwa Nikiizimia Redio

Kwa miaka mingi Mlimani Park Orchestra, ile wapenzi wake wanayoiita Sikinde, ilikuwa kwangu bendi ya kuhamia stesheni nyingine. Nimekua wakati Bongo Fleva imeshika redio zote, masikio yangu yakazoea wimbo mfupi: mdundo unaingia, kiitikio kinakuja mapema, unakishika, wimbo umekwisha. Sikinde walinichosha. Waimbaji walichelewa kuanza, na walipoanza waliimba bila haraka. Magitaa yalilia yote kwa pamoja nisijue nishike lipi. Leo hakuna bendi ya Tanzania ninayoisikiliza kuliko hiyo. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye bendi ya namna hiyo maishani mwake, labda ya wazazi, labda ya mwenza wake, ambaye anatamani kujua wenzake wanasikia nini ndani yake.

Wengi watakwambia dawa ni kuizoea tu. Wana hoja. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu wanachokutana nacho mara kwa mara. Lakini mimi nyimbo za Sikinde nilizisikia utoto wangu wote, kwenye vipindi vya zilipendwa, kwenye mabasi, kwenye kanda za nyumbani, na kadiri zilivyorudiwa ndivyo zilivyozidi kunichosha. Kilichonigeuza ni kubadili kitu ninachokifuata ndani ya wimbo.

Nilikuwa nafuata sauti ya mwimbaji na kusubiri kiitikio. Ukiisikiliza bendi ya dansi hivyo, utasubiri sana. Bendi hizo zilikuwa na gitaa la solo, gitaa la rithimu, mara nyingi na gitaa jingine linalopita katikati ya hayo mawili, kisha besi, dramu, tumba, na safu ya wapuliza tarumbeta na saksafoni. Kila mmoja ana njia yake. Ushauri wangu ni huu: chagua ala moja, uifuate tangu wimbo uanze hadi uishe, ukiyaacha mengine yote yapite. Anza na besi. Mpiga besi wa dansi hapigi tu noti za kushikilia wimbo, anajibizana na tumba, anaacha nafasi mahali ambapo hukutegemea, halafu anarudi. Ukishaijua njia yake, rudia wimbo uleule ukifuata rithimu. Siku nyingine fuata tarumbeta. Siku utakayousikiliza wimbo wote kwa pamoja, ile fujo uliyokuwa ukiilalamikia itakuwa imejipanga yenyewe, kwa sababu kila sauti utakuwa unaijua inakotoka.

Hapo kuna kikwazo ambacho watu hawakitilii maanani. Spika ya simu haitoi besi. Ni ndogo mno, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti za chini, kwa hiyo unachosikia ni waimbaji na magitaa ya juu yakigongana. Nimekutana na vijana wengi wanaosema muziki wa dansi una kelele nyembamba, na wote walikuwa wameusikia kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Vaa spika za masikioni, au tafuta redio yenye spika nzuri, kabla hujaihukumu bendi yoyote yenye watu kumi jukwaani.

Kisha sikiliza wimbo mzima. Nasisitiza hili kuliko yote. Nyimbo nyingi za dansi za miaka ya 1970 na 1980 zina sehemu mbili. Ya kwanza ni taratibu, waimbaji wanasimulia kisa. Ya pili mwendo unapanda, maneno yanapungua, magitaa na tarumbeta yanachukua uwanja. Wengine huiita chemko, na hapo ndipo wacheza dansi walipokuwa wakipasubiri. Watangazaji wa redio mara nyingi huukata wimbo mapema ili kupisha tangazo, wakati mwingine hata kabla sehemu ya pili haijakolea. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka akidhani anaijua bendi fulani, kumbe amesikia nusu ya kila wimbo wake. Kwangu mlango ulifunguliwa na "Neema", wimbo wa Sikinde unaoongozwa na Cosmas Chidumule, ambaye baadaye alihamia muziki wa Injili. Nilikuwa naujua tangu mdogo. Nilipousikiliza hadi mwisho, nimetulia, bila kufanya kazi nyingine, nilitaka kuurudia hapohapo.

Kuijua historia kidogo nako kulinisaidia, na sisemi hivyo ili msomaji akakariri miaka. Inasaidia kwa sababu inakupa watu wa kuwafuata. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa humo, na mwaka 1978 akatoka kwenda kuasisi Mlimani Park pamoja na akina Abel Balthazar. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akaunda International Orchestra Safari Sound, akawachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Gurumo na Hassan Rehani Bitchuka wakiwemo. Baadaye Gurumo alirudi Msondo, na alifariki mwaka 2014 akiwa anatajwa miongoni mwa nguzo za muziki huu.

Sasa jaribu hivi. Isikilize sauti ya Gurumo, nzito na yenye mamlaka ya mtu mzima, halafu isikilize ya Bitchuka, iliyo juu na yenye kulia. Wafuate wawili hao kutoka bendi moja hadi nyingine. Utaanza kusikia sauti ileile ikivaa magitaa tofauti, na hapo ndipo utakapotambua bendi yenyewe ina mchango gani. Mimi Msondo nilianza kuipenda kwa njia hiyo. Niliingia kwa ajili ya Gurumo, nikabaki kwa ajili ya ngoma zao.

Maneno nayo yape muda. Sehemu kubwa ya nyimbo hizi ilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarushwa hewani nchi nzima, na watunzi waliandika wakijua kwamba wimbo utasikilizwa na mke, mume, mama mkwe na watoto ndani ya chumba kimoja. Ndiyo maana visa vinasimuliwa kwa heshima hata vinapohusu usaliti au talaka. Nilipokuwa kijana niliona ni mawaidha ya wazee. Baada ya kuishi na mtu nyumba moja, kulipa kodi na kuzika ndugu, nilikuta kuna mistari iliyokuwa ikinisubiri. Sioni haja ya kumlazimisha kijana wa miaka kumi na tisa ayapende maneno hayo sasa. Mpe magitaa kwanza.

Kwa taarab asilia hali ilikuwa tofauti kidogo. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, nilikisikia kwenye kanda nikaona ni muziki wa kulalia. Fidla nyingi, ala za nyuzi ziitwazo kanuni na udi, utangulizi mrefu wa ala, na mimi nilikuwa nimezoea rusha roho, taarab ya kisasa yenye kinanda na vijembe vya waziwazi. Hapa kufuata ala moja hakukunisaidia sana. Kilichonisaidia ni kukaa ukumbini nikaona watu wanafanya nini. Mama mmoja anainuka kwenye beti fulani tu, anapita mbele kwa madaha, anamtuza mwimbaji, anarudi kuketi bila kumtazama mtu, na nusu ya ukumbi inajua kijembe kimemfikia nani. Tangu siku hiyo nikiisikiliza taarab nyumbani nasubiri beti ambalo mtu angeinuka. Kuna bendi ambazo muziki wake haukamiliki bila waliokaa mbele yake, na kanda peke yake haiwezi kukupa hilo. Kama uko Dar es Salaam, nenda kwenye onyesho la Msondo au Sikinde japo mara moja. Kama uko Unguja mwezi Februari, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likileta taarab na dansi kwenye jukwaa moja tangu 2004.

Wapo ninaowasikiliza kwa heshima na bado hawajaniingia. Rekodi nyingi za bendi za baadaye, ambazo kinanda kilichukua kazi ya wapuliza tarumbeta, hunikosesha raha hadi leo. Nimezifuata besi, nimezisikiliza hadi mwisho, nimekwenda ukumbini. Tarumbeta ina pumzi ya mtu ndani yake, na kinanda cha wakati ule hakikuweza kuiiga. Hilo ni pendo langu na sitalificha. Ukishaipa bendi nafasi ya kweli na ikakataa, iache, usijilazimishe kwa sababu tu wakubwa wanaisifu.

Ila kabla hujaiacha, fanya jambo moja lililonifaa kuliko vitabu. Mtafute mtu mzima aliyekuwa shabiki wa bendi pinzani. Usimuulize kwa nini anaipenda yake, atakujibu ni nzuri, basi. Muulize kasoro za ile nyingine. Mzee mmoja shabiki wa Msondo, jirani yetu, aliniambia Sikinde wanajipamba mno, kwamba tarumbeta zao zimepangwa kama watu waliofanya mazoezi hadi jasho likakauka, wakati Msondo wanakuachia nafasi ya kucheza. Alisema kwa kulaumu. Nilikwenda nyumbani nikazisikiliza tarumbeta za Sikinde kwa makini, nikakuta asemacho ni kweli tupu, na kwamba mpangilio huo ndio hasa nilioutaka. Shabiki wa Sikinde naye alinilalamikia kuhusu Msondo, kwamba ngoma zao zinatangulia mbele ya waimbaji. Nazo nilizifuata. Shikamoo moja na kikombe cha kahawa vinatosha kumfungua mzee wa namna hiyo, na atakuonyesha dakika kamili ya wimbo ya kwenda kuisikiliza.