Kichekesho cha jamaa aliyesimama kimya

Wiki hii mmeuliza, ni epsodi gani ya komedi ya usiku ambayo mpaka leo hujaisahau na kwa nini. Najua wengi watataja Ze Comedy na wana haki, mi mwenyewe nimekulia humo, enzi za akina Joti na Masanja huku kwetu Ngamiani kipindi kikianza huoni mtoto barabarani. Ila jibu langu ni epsodi ya kwanza kabisa ya Saturday Night Live, kile kipindi cha vichekesho vya laivu cha Marekani, ile iliyorushwa tarehe 11 Oktoba 1975.

Kule New York ilikuwa Jumamosi saa tano na nusu usiku, hapa Tanga tayari Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wanakunywa chai, na TV yenyewe huku bara ilikuwa bado, imekuja miaka ya 90. Kwa hiyo mi nimeiona mtandaoni, kwenye simu, na nimeitazama na mama mkubwa ambaye Kiingereza hajui kabisa. Hapo ndipo penye jibu langu.

Inaanza bila hata muziki. John Belushi ni mgeni aliyekuja kujifunza Kiingereza, mwalimu wake ni Michael O'Donoghue, mwalimu anasema sentensi za ajabu ajabu kuhusu wanyama wakali wa porini na mwanafunzi anarudia vilevile neno kwa neno bila kuelewa chochote. Mara mwalimu anashikwa na moyo, anaanguka chini kafa. Mwanafunzi anamtazama kidogo, anafikiri hiyo nayo ni sehemu ya somo, naye anajishika kifua anaanguka pwaa! Jamani nani kati yetu aliyesoma shule ya msingi asiyelijua hilo darasa, mwalimu anasema mnaitikia, anasema mnaitikia, mkiulizwa maana kimya. Baada ya hapo Chevy Chase anaingia na hedifoni kichwani kama msimamizi wa jukwaa, anaitazama kamera, anatangaza kwamba ni laivu kutoka New York, ni Jumamosi usiku. Hiyo sentensi wanaitumia mpaka leo.

Lakini kilichonimaliza ni Andy Kaufman. Huyu bwana anasimama peke yake pembeni ya gramafoni, anaweka wimbo wa katuni ya Mighty Mouse, alafu anasubiri. Haimbi hachezi hasemi, macho tu yanahangahanga kama mtu aliyesahaulika stendi. Wimbo unaenda weee mpaka unafika ule mstari mmoja wa shujaa kusema anakuja kuokoa watu, hapo ndo anainua mkono kwa mbwembwe zote na kufungua mdomo kuufuatisha, ukiisha anarudi kusubiri, tena kuna sehemu anakunywa maji. Basi! Mama mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akaniambia rudisha, nikarudisha, akacheka zaidi maana sasa alikuwa anajua kitakachokuja na anakisubiri pamoja naye.

Mwenyeji wa usiku ule alikuwa George Carlin, mtu mkubwa sana kwenye fani, ila vichekesho vyake ni vya maneno tu, ikabidi nimtafsirie mama mkubwa na kichekesho ukikitafsiri kinakuwa kishapoa.

Sisi watu wa Tanga hili la kuchekesha bila maneno tunalijua kwa sababu ya King Majuto, marehemu Amri Athumani, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018. Mzee yule alikuwa anaweza kugeuza shingo tu, hajasema kitu, watu wako chini. Komedi nyingi za sasa mtu anaongea haraka haraka, kila neno linafuatiwa na mlio wa kuchekesha ulioongezwa kompyuta, mtazamaji hapewi hata nafasi ya kusubiri. Mi hilo linaniuma kweli, maana vipaji tunavyo.

Na wale wenzetu wa Saturday Night Live wanafanya laivu, kwenye studio ileile ya New York inayoitwa 8H, kwa zaidi ya miaka 50 sasa. Wiki nzima wanaandika, Jumamosi jioni wanacheza yote mbele ya watu, kisichochekesha kinatupwa saa chache kabla ya kwenda hewani. Natamani stesheni zetu zijaribu hata kichekesho kimoja tu laivu kila wiki, watu wakae studio, muigizaji asikie kicheko chenyewe ajue asubiri wapi na aendelee wapi.

Mtakaoitafuta, epsodi nzima ni ndefu na vitu vya siasa za Marekani za wakati ule mnaweza kuviruka. Ila kwa Kaufman tulieni mpaka mwisho, na msipeleke mbele pale anapokuwa amesimama tu.