Bwana Shamba Anajibu: Majani ya Tembo na Ua wa Kaliandra

Bwana shamba, nina eka moja tu huku Lushoto, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nikipanda kaliandra, ule mti wa malisho, majani ya tembo (nepia) nitayapanda wapi? (Mama mfugaji)

Kaliandra haihitaji kupewa shamba lake, kwa kuwa inakubali kukaa mpakani, kando ya njia na kwenye kingo za matuta, ambako mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua. Eka yenye umbo la mraba ina mzunguko wa takriban mita 250. Ukipanda mche kila baada ya nusu mita, utapata miti kama 500, nayo hiyo inatosha kumpa ng'ombe mmoja chakula cha nyongeza mwaka mzima. Majani ya tembo yapande ndani, lakini msimu wa kwanza yaache mbali kidogo na ua, maana yana pupa na huimeza miche michanga. Loweka mbegu za kaliandra katika maji baridi kwa saa 48 kabla ya kusia.

Nimpe kiasi gani, na je, inaweza kuchukua nafasi ya chakula cha dukani?

Majaribio yaliyofanyika kwenye mashamba ya wafugaji wa Embu, nchini Kenya, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha kununua. Kwa hiyo kilo 6 kwa siku, zikigawanywa asubuhi na jioni, ni kipimo kizuri. Mpe yakiwa mabichi, kwani yakikaushwa ng'ombe huyameng'enya kwa shida. Ukataji wa kwanza usubiri miezi 9 hadi 12, kisha ukate ukiacha kisiki cha karibu mita moja.

Majani yangu ya tembo yamenipita kimo na yamependeza, lakini maziwa hayaongezeki. Kwa nini?

Chungulia kwenye hori asubuhi. Nina hakika utakuta mashina magumu kama fito yamebaki, huku majani yakiwa yameliwa yote. Shamba la majani marefu huwafurahisha wapita njia kuliko ng'ombe, kwa sababu kadiri mmea unavyokomaa ndivyo protini inavyopungua na nyuzi ngumu zinavyoongezeka. Kata yakifika kimo cha mita moja hivi, yakatekate vipande vifupi, kisha rudishia samadi kwenye mashina, kwani mmea huu hula rutuba kwa kasi.

Ng'ombe wangu anakula lusina nyingi, ule mti mwingine wa malisho, na ameanza kunyonyoka nywele.

Lusina ina sumu iitwayo mimosini. Ipunguze isizidi theluthi moja ya malisho yake yote.

Niko Bungoma. Majani ya tembo yamegeuka manjano na kila nikikata yanachipua mafupi zaidi. Nitumie mbolea gani?

Mbolea haitasaidia. Dalili hizo ni za ugonjwa wa kudumaa, ambao huenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu na, zaidi ya hapo, na vipando tunavyopeana jirani kwa jirani kwa nia njema kabisa. Ng'oa mashina yote yaliyougua pamoja na mizizi, na upate vipando vipya kutoka shamba ambalo umelikagua mwenyewe baada ya kukatwa na kuchipua tena, kwa kuwa kabla ya hapo ugonjwa unaweza kujificha.